Kufunga Mwamba

Pweza akiwa shimoni haonekani, ila taka zake zinaonekana. Ni mwerevu kuliko wengi wa baharini, lakini hana adabu ya usafi: akishamla kaa au chaza, maganda huyatupa mlangoni. Mwanamke aliyekulia pwani hutembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, macho chini, kapu begani, mpaka aone maganda mapya yanang'aa katikati ya mawe yaliyoota majani. Hapo husimama. Huingiza mchokoo taratibu, na kwa muda mfupi mkono wake ndio unaoona. Kikiwa ni jiwe, chuma kinagonga. Akiwa ni pweza, chuma kinashikwa.

Nimeanzia hapa kwa sababu hapa ndipo kanuni nyingi zenye nia njema hufia. Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza mwenye uzito chini ya nusu kilo. Mwache mdogo akue, nani atabisha? Lakini mchukue aliyeandika kanuni hiyo, msimamishe juu ya mwamba, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, mchokoo umeshikwa. Uzito ataujuaje? Mnyama yumo ndani ya jiwe. Atakapomtoa atakuwa ameshamchoma, na kumrudisha majini katika hali hiyo ni kumwandalia mkunga chakula cha mchana. Mizani iko dikoni, mwendo mrefu kutoka hapo. Kanuni imewekwa mahali ambapo mvuvi hana tena la kuchagua.

Siilaumu nia ya mtu. Hiyo ni kasoro ya ufundi, kama mlango uliofungwa bawaba upande usiofaa: mbao ni nzuri, msumari ni mzuri, na bado haufunguki. Ukizoea kuzitazama sheria kwa jicho hilo, utawaonea fahari wale walioliacha kando swali la pweza gani asivuliwe, wakauliza asivuliwe wapi, na mpaka lini.

Jibu lao huku pwani ni kufunga mwamba. Maelezo yake hayamalizi pumzi moja. Kijiji kinachagua kipande cha mwamba wake, si mwamba wote. Kinakifunga kwa pweza kwa miezi miwili au mitatu, pengine zaidi. Siku iliyotajwa ikifika, kinakifungua. Ni sheria unayoweza kumweleza mtoto mkiwa njiani kwenda chuoni, naye akamweleza mwenzake bila kuiharibu. Mimi ni mtu mwenye ugonjwa wa kusoma sheria ndogo zilizobandikwa kwenye kuta za ofisi, na nakiri kwamba chache sana zinaufaulu mtihani huo.

Wepesi huo ulitafutwa. Mtazame kwanza mnyama aliyechaguliwa. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja, au mmoja na nusu. Jike hutaga mara moja tu maishani: maelfu kwa maelfu ya mayai yanayoning'inia kwenye dari ya shimo kama tungo za shanga. Hukaa hapo akiyapulizia maji na kuyapangusa, bila kula, mpaka yaanguliwe, naye hufa. Wachanga huelea baharini kwa muda kabla ya kutua mwambani, na wakishatua hukua kwa kasi ambayo mkulima wa mahindi angeionea kijicho. Kwa mwezi mmoja au miwili pweza mdogo anaweza kuongeza uzito maradufu. Tena hahami sana. Unayemwacha hapa leo, kuna matumaini makubwa utamkuta hapa hapa.

Sasa mlinganishe na wengine. Nguru ni msafiri. Ukimlinda kwako unamnenepesha kwa ajili ya wavu wa jirani. Chewa hakui kwa haraka, na subira yake ni ya miaka. Kasa ni wa miongo. Mtu anayedaiwa unga dukani ukimwambia asubiri miaka kumi, atakujibu kwa methali: mla mla leo, mla jana kala nini? Wenye semina huichukua methali hiyo kama ushahidi wa ujinga. Mimi naiona ni hesabu sahihi ya mtu asiye na akiba. Aliyemchagua pweza aliikubali hesabu hiyo badala ya kuihubiria. Alitafuta kiumbe ambaye subira yake inalipwa kabla mwenye duka hajaanza kumnunia mteja.

Jaribio linalotajwa zaidi katika bahari yetu hii lilifanyika kusini-magharibi mwa Madagascar. Novemba 2004, watu wa kijiji cha Andavadoaka, wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures, waliufunga kwa pweza mwamba wa Nosy Fasy kwa miezi saba. Wenyeji wa huko ni Wavezo, watu wa bahari kama walivyo Wabajuni, na makubaliano ya jamii yenye nguvu ya sheria wanayaita dina. Katikati ya mwaka 2005 mwamba ulifunguliwa, na pweza walikuwa wakubwa kweli. Lakini habari ilikuwa imetangulia. Watu walimiminika hata kutoka vijiji ambavyo havikufunga kitu, na sehemu kubwa ya mavuno ya miezi saba ikaondoka kwa siku chache.

Fundi asiye na subira angekunja vifaa vyake akaenda zake. Hawa walitazama ufa uko wapi. Walikuwa wameufunga mwamba bila kuwaingiza majirani katika makubaliano, kwa hiyo aliyesubiri na asiyesubiri walifika mezani pamoja. Mwaka 2006 vijiji vya ukanda ule viliungana chini ya jina la Velondriake, lenye maana ya kuishi na bahari, na kazi ya kufunga na kufungua ikawa ya kupangwa kwa pamoja. Baadaye, bila mtu kuwashurutisha, walitenga na sehemu ambazo hazifunguliwi kabisa. Nadhani wasingekubali hilo siku ya kwanza. Ilibidi kwanza waone kwa kapu.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha hesabu ya mara 36 ambazo miamba ilifungwa na kufunguliwa huko kati ya 2004 na 2011. Katika mwezi uliofuata kufunguliwa, pweza waliofikishwa pwani kutoka sehemu hizo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Namba hiyo ndiyo inayopenda kusafiri; utaikuta kwenye vipeperushi. Namba inayonivutia mimi ni ya pili: kile anachopata mvuvi mmoja kwa siku moja kiliongezeka kwa asilimia 87. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni umati. Mia saba ni mwamba mzima ukiwa umejaa watu. Themanini na saba ni mwanamke na kapu lake. Anayetaka kujua kama sheria inafaa amuulize huyo mwenye kapu. Na zaidi ya hapo: katika mara hizo 36, mara 27 kijiji kilipata faida ukishatoa kile kilichokosekana wakati mwamba umefungwa. Mara tisa hakikupata. Sheria inayoshindwa mara moja katika kila nne na bado watu wakairudia kwa hiari yao, hiyo ina kitu.

Wavuvi wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walikwenda Madagascar kujionea, wakarudi wakafunga mwamba wa kwao. Vijiji vingine vya Pemba na Unguja vimefuata, na huko Pate, kaskazini mwa Lamu, wanawake wa pweza nao wamefunga wa kwao. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kisiwa cha Rodrigues, kilicho chini ya Mauritius, kilianza mwaka 2012 kufunga uvuvi wa pweza kisiwa kizima kwa miezi miwili, na wavuvi wakapewa kazi nyingine za malipo wakati huo. Usiige hilo kabla ya kuuliza mfuko uko wapi. Serikali yenye fedha ya kulipa inaweza kufunga bahari yote. Kijiji kisicho na hazina kinafunga kipande, na kipande hicho hukatwa kwa kipimo cha njaa. Kikiwa kikubwa mno, watu wataiba. Kikiwa kidogo mno, siku ya kufungua kitagawanywa mpaka kila mtu apate mkia.

Kukata kipande hicho ndiyo kazi inayonifanya nisimame nitazame. Niliwahi kuona, kwenye ubao wa ofisi moja, tangazo la eneo lililohifadhiwa: mpaka wake umeandikwa kwa digrii, dakika na sekunde, namba juu ya namba, na chini yake muhuri. Mvuvi mmoja aliyesimama karibu nami alilisoma lote kwa sauti, kwa heshima kabisa, kisha akauliza: hapa ni wapi? Hakuna aliyemjibu. Mpaka wa mwamba uliofungwa na wenyewe husemwa kwa vitu ambavyo bahari haivihamishi: kutoka kwenye ule mkondo mpaka kwenye fungu la mchanga, mnara wa msikiti ukiwa juu ya mkoko mkubwa, umeshaingia. Maboya huwekwa, naam, na husaidia, lakini boya hukatika na boya huibwa. Msikiti hauibwi. Tena mpaka mzuri hupitishwa mahali ambapo mwamba wenyewe umekatika, kwenye maji ya kina, ili mtu asiweze kusema alikuwa anatembea tu akajikuta amevuka.

Pia upo werevu katika kuchagua kipande kinachoonekana kutoka kijijini. Mwanasayansi angependa kipande chenye mashimo mengi zaidi, na pengine kiko nyuma ya kisiwa. Bibi aliyekaa barazani akisuka ukili angependa kile anachokiona akiinua kichwa. Katika mashauri kama hayo mimi niko upande wa bibi. Mwamba bora usiolindwa ni zawadi kwa mwizi.

Halafu kuna kalenda, na hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Mwamba hautembeleki kila siku. Wanaovua kwa miguu husubiri maji ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ikirudi mbali na kuanika mwamba kwa saa chache. Kati ya bamvua na bamvua ni maji mafu, na mwamba hubaki chini. Miezi mitatu ya kufunga, kwa mwanamke wa pwani, ni bamvua sita; ndivyo anavyohesabu gharama yake. Sasa mtu wa ofisini akipanga kufungua tarehe mosi kwa sababu ni tarehe mosi, na siku hiyo ikaangukia maji mafu, wanaoweza kufika ni wapiga mbizi wenye miwani na mitumbwi, yaani wanaume. Wanawake watafika wiki moja baadaye kuokota mabaki. Hakuna neno lolote kwenye tangazo lililosema wanawake wasiingie. Tarehe ndiyo iliyosema.

Jambo hilo si dogo, kwa sababu bei ya pweza imekwisha kubadilisha watu wa mwambani. Zamani pweza wa maji mafupi alikuwa wa wanawake na watoto, wa mchuzi wa nazi na wa kukaushwa juani. Siku hizi kampuni za kugandisha humnunua kwa kilo na kumpeleka Ulaya, na palipo na bei wanaume hawakawii kufika. Ukifunga mwamba bila kuliwaza hilo, unaweza kuwatunza pweza vizuri sana na kuwakabidhi kwa watu wengine. Ndiyo maana kijiji chenye fundi mzuri kinaweza kuamua kwamba siku ya kwanza ni ya wanaotembea, na wenye miwani wangoje.

Mnunuzi naye lazima aitwe mapema. Mzigo wa wiki mbili ukitua dikoni kwa asubuhi moja, na yuko mchuuzi mmoja na sanduku moja la barafu, bei itaanguka mbele ya macho ya watu na subira yao yote itakwenda na maji. Kijiji kinachojua kazi hupatana bei kabla ya kufungua, wakati pweza bado wako majini na wanunuzi wawili wanashindana. Pweza aliye shimoni haozi. Hiyo ndiyo nguvu pekee aliyonayo mvuvi mbele ya mwenye gari la barafu, na kufunga mwamba humpa nguvu hiyo kwa siku chache kwa mwaka.

Kuhusu adhabu nitasema kwa ufupi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi watu wanavyotunza mali za pamoja, aligundua kwamba jamii zilizodumu hazikuanza na adhabu kali. Zilianza na ndogo, kisha zikapanda. Pwani jambo hilo halihitaji kufundishwa. Anayekamatwa mara ya kwanza ni shemeji ya mtu. Akitozwa faini ya kumfilisi, kamati itamwonea haya na kumwachia. Akitozwa ndogo, atalipa, na jina lake litatajwa dikoni mpaka atamani kubwa. Shida ni mgeni. Wavuvi wa dago, wanaopiga kambi kwa msimu kisha wakaondoka, hawana shemeji hapo. Kwao aibu haifanyi kazi, na kijiji peke yake hakina mikono mirefu. Ndipo inapohitajika serikali: Kamati ya Wavuvi ya Shehia kule Zanzibar, au BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia fukwe, kule Kenya na Tanzania Bara, iliyotambuliwa kisheria, ili makubaliano ya kijiji yawe na mtu wa kuyasimamia kituo cha polisi. Zaidi ya hapo, sioni sababu ya serikali kuingiza mkono.

Nisimsifu mgema. Mwamba ukifungwa upande huu, watu huhamia upande ule, na upande ule huumia. Siku ya kufungua, miguu mia juu ya matumbawe huvunja vitu ambavyo havikui kwa miezi mitatu. Usiku wa kuamkia kufungua ni usiku wa wezi. Doria isiyolala miezi yote hushikwa na usingizi usiku huo huo. Na pweza mwenyewe, kwa sababu ni mwepesi kukua, anaweza kumdanganya mtu aamini kwamba bahari yote hujirudi kwa miezi mitatu. Changu hajui mkataba huo. Lakini kasoro hizi zinaonekana na wote, kwenye mwamba ule ule, na wanaozijadili ndio wenye miguu na mikono iliyozisababisha. Kwangu hilo ni sehemu ya uzuri wa kazi yenyewe: inapovuja, unaona inapovujia.

Msikilize mtu wa pwani akipanga tarehe ya kufungua karibu na Ramadhani, utajua ufundi huu unakaa wapi. Kila mtu anataka fedha ya Idi, nguo za watoto, kilemba cha babu. Basi tufungue mwisho wa mfungo. Lakini Idi huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Maji mazuri ya kupwa yataangukia sikukuu yenyewe, na nani atakuwa mwambani watu wakiwa kwenye swala? Basi tufungue katikati ya mfungo, kwa mwezi mpevu. Maji yatakupwa, sawa, kati ya saa nne na saa sita mchana, jua kali, mtu amefunga, hana hata funda la maji, na mwendo wa kurudi ni mrefu. Basi tufungue Shaabani, mwezi kumi na tano. Mmoja anacheka: fedha ya Shaabani itaiona Idi? Mwingine anasema pweza watakuwa bado wadogo, tulifunga tumechelewa. Bwana diko hasemi kitu. Anahesabu kwa vidole, bamvua moja, bamvua mbili. Mama mmoja mwenye mchokoo uliochakaa anasema afadhali kiu ya siku tatu kuliko pweza wa robo kilo, na wenzake wanaanza kumzomea na kumkubalia kwa pamoja.